Dubai: Usiniulize nililipwa ngapi, niulize nililala wapi!

NAOMBA nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nikianza na ya watu mtasema nina majungu.

Mdogo wangu wa mwisho, kijana wa miaka 24, anataka kuuza kiwanja. Si chake peke yake, ni cha marehemu Mzee, kipo Chanika, na ndicho pekee tulichoachiwa. Kuna jamaa anayejiita wakala kamwambia alete milioni tano, atamfikisha Dubai, kazi huko zimejaa tele, mshahara wa kuanzia dirham 3,000. Dogo kachukua simu, kazidisha kwa shilingi 650, kapata karibu milioni mbili kwa mwezi. Toka siku hiyo halali. Kila akiniona ni “braza, saini basi”.

Nilipombishia hakunijibu kwa maneno. Alinitolea picha. Tena picha yangu mimi! Nimesimama Dubai Marina mwaka 2019, miwani myeusi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, nimeegemea gari jekundu la chini chini, lile ambalo ukilipitisha barabara za kwetu linabaki shimoni. Chini nimeandika, “Mungu hamtupi mja wake.” Ndugu walipenda, majirani walipenda, dogo akaitunza kwenye simu yake miaka yote hiyo.

Sasa msomaji wangu, gari lile silijui la nani. Nilisubiri mwenyewe aingie dukani ndipo nikaliegemea, na mshikaji akapiga haraka haraka kabla hajatoka. Mfukoni nilikuwa na dirham 11, na kwenye kadi ya Nol kulikuwa na nauli ya treni ya kunirudisha Deira, dirham saba na nusu. Ningenunua hata juisi ya pale Marina, ningerudi kwa miguu.

Picha ile ndiyo inayouza kiwanja cha Mzee. Wakala anamalizia tu.

Ndiyo maana leo naanika kila kitu. Niliishi Dubai miaka mitatu na ushee, 2019 mpaka mwisho wa 2022, karani wa mizigo kwenye ofisi moja ya kargo pale Naif. Kama una ndugu mfanyabiashara wa Kariakoo, huenda furushi lake la nguo au katoni lake la simu lilipita mkononi mwangu. Mshahara wangu ulikuwa dirham 3,200. Dirham wakati huo ilikuwa inacheza kwenye shilingi 620 hivi, kwa hiyo na mimi nilikuwa “mtu wa milioni mbili”. Nilipowaambia nyumbani, shangazi alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaona haya.

KODI MBILI

Dubai ni mji wa wageni. Katika watu 10 unaopishana nao barabarani, karibu tisa wametoka kwingine: Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, Wamisri, Waingereza, na sisi wa huku. Wote wamevutwa na kitu kimoja, kwamba mshahara haukatwi kodi. Hilo ni kweli tupu. Dirham 3,200 iliyoandikwa ndiyo inayoingia benki. Hapa Bongo ukiona hati yako ya mshahara ilivyopunguliwa unaweza kulia.

Lakini Kiswahili chetu kina kodi mbili, bwana. Kodi ya mshahara hakuna. Kodi ya nyumba ndiyo inayochinja.

Kwa mshahara wa 3,200 usiwaze kupanga nyumba. Hata chumba usikiwaze. Unachopanga ni kitanda. Wenyewe wanaita bedspesi. Chumba kimoja cha kawaida, ukubwa kama vile vya kwetu Sinza, mnalala wanane kwenye vitanda vya dabodeka, kila mmoja kafunga pazia lake la khanga au shuka ndiyo ukuta wake. Kitanda cha juu nilikikuta kwa dirham 550, cha chini 650. Cha chini ni ghali kwa sababu hupandi ngazi, unaweza kukaa ukala, na sanduku lako unalisukuma mvunguni. Nilianza juu. Miezi saba ya kwanza nililala pua inakaribia dari, na kiyoyozi kinanipulizia kisogoni usiku kucha. Huwezi kukizima, maana Juni mpaka Septemba joto la nje linafika nyuzi 45 na zaidi, kikizimwa mnaiva.

Kwenye hicho kitanda ndimo maisha yako yote yamo. Pasipoti, viatu, mafuta ya nywele, pakiti ya unga. Kwenye friji una nusu ya rafu, na maziwa yako lazima uyaandike jina na bado yatanyweka. Choo kimoja watu wanane, kwa hiyo mwenye zamu ya saa 12 asubuhi anaoga saa 10 usiku. Na kunguni! Hao usipime, hawajui kama uko ughaibuni.

Kuna waliogawanya vyumba kwa mbao na jasi, vikaitwa patisheni. Hapo unapata mlango wako na pumzi yako, ila bei inapanda mara mbili na ni haramu kwa sheria za mji kwa sababu ya moto. Juni 2025 wakubwa wa mji walifanya msako mkali Al Rigga, Satwa, Al Barsha na mitaa mingine, mbao zikavunjwa. Dogo anadhani zile bei zangu za vitanda bado zinamsubiri. Tangu nirudi kodi za Dubai zimepanda.

DAFTARI LA CHINI YA MTO

Nilikuwa na daftari, lile la shule la kurasa 96. Kila senti niliandika, si kwa ubahili bali kwa hofu. Ukurasa wa mwezi mmoja wa 2019, baada ya kuhamia kitanda cha chini, unasomeka hivi: kitanda 650. Chakula 600, na hapo tulikuwa tunachanga washikaji wanne, tunapika wali na kuku wa kugandisha wiki nzima, chai ya maziwa ya dirham moja ndiyo anasa yetu ya jioni. Nauli 100 tu, kwa kuwa kazini nilikwenda kwa miguu na ng’ambo ya Khor nilivuka kwa mashua ya abra, ambayo ni dirham moja. Simu na intaneti 150. Sabuni, kinyozi, kufua, dawa ya kunguni, 120. Na 180 imeandikwa “mengineyo”, neno ambalo kwenye daftari za vijana wote duniani huficha mambo.

Jumla 1,800. Kinabaki 1,400, kama laki nane na elfu sitini na nane za wakati huo.

“Si nyingi hizo, braza?” Dogo aliniuliza hivyo hivyo. Nyingi, ndiyo. Ila miezi minane ya kwanza nilikuwa nalipa deni la tiketi na la “mtu aliyenisaidia”, dirham 700 kila mwezi. Na ukishakuwa Dubai, kwenu huna mwezi usio na msiba. Ada ya mtoto wa dada, bati za mjomba, mchango wa harusi ya mtu niliyesoma naye darasa la tatu tukagombana. Ukikataa, unaambiwa umebadilika. Nitawaambiaje kwamba nalala kwenye dabodeka wakati nimewatumia picha ya gari jekundu?

Halafu kuna vile vidude vidogo. Siku moja nilikatiza barabara pale Deira, mahali pasipo na zebra, kama tunavyovuka hapa kila siku. Askari kanisubiri ng’ambo kwa adabu kabisa, kanisalimia, kanipa karatasi. Faini dirham 400! Wiki tatu nilikula mkate na maharage ya kopo. Kwenye treni ukitafuna hata jojo, faini ni 100. Mji msafi, mji salama, unaacha simu yako mezani unakwenda kunawa unaikuta. Usalama huo nauheshimu, ila nami niliuchangia hizo 400.

Na la simu ndilo lililoniuma. Kule huwezi kupiga simu ya WhatsApp. Ujumbe unakwenda, picha zinakwenda, sauti ya kurekodi inakwenda, lakini kupiga, hakuna, imefungwa. Wakati wangu, ili kuongea kwa intaneti ilibidi ununue kifurushi maalumu, dirham 50 kwa mwezi, na uliye naye upande wa pili aweke programu hiyo hiyo. Mama yangu na simu yake ya tochi aiweke wapi? Akipiga dogo kwa simu yake, haiingii. Mwaka mzima wa kwanza Mama aliamini nimezima simu makusudi. Siku nilipompigia kwa simu ya kawaida, ya gharama, alisema, “Mwanangu, hata kama umepata, usitukimbie.” Nilikuwa kitanda cha juu. Nilivuta pazia.

MHASIBU NA HUNDI ZAKE

Usidhani ni sisi kapuku peke yetu. Ofisini tulikuwa na mhasibu, Mkenya wa Nairobi, mtu mzima, tulimwita Mzee ingawa hakufika 45. Mshahara wake 18,000. Kwangu mimi huyo alikuwa kigogo. Mpaka siku aliponikalisha kwenye ngazi za nyuma akanipigia hesabu ya kuhamia nyumba.

Nyumba ya chumba kimoja na sebule, kodi 60,000 kwa mwaka. Kule kodi hailipwi mwezi kwa mwezi kama hapa mwenye nyumba anavyogonga tarehe mosi. Unaandika hundi za mwaka mzima siku ya kwanza, zenye tarehe za mbele, mbili, au nne, ukibahatika zaidi. Yeye aliandika nne, za 15,000 kila moja. Ya kwanza inachukuliwa hapo hapo. Dalali asilimia 5, yaani 3,000. Amana ya mwenye nyumba asilimia 5 nyingine, 3,000. Amana ya umeme na maji 2,000. Hesabu mwenyewe: 23,000 kabla hajanunua hata godoro, na mshahara wake ni 18,000! Halafu kila mwezi kwenye bili ya umeme mji unaweka ada ya makazi, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, ambayo kwake ilikuwa dirham 250 kila mwezi.

Alikuwa na watoto wawili shule. Watoto wa wageni wengi wanasoma shule za kulipia. Kuna za dirham elfu chache kwa mwaka na kuna za juu ya 90,000 kwa mtoto mmoja. Zake zilikuwa za 22,000, mara mbili, 44,000. Bima, mkopo wa gari, na kila ukipita chini ya lango la Salik, dirham nne zinakatika zenyewe. (Tangu Januari 2025 saa za msongamano ni sita.) Mwishoni alihamia Sharjah, emirate ya jirani ambako nyumba ni nafuu, akawa anaamka saa 10 usiku kuwahi foleni. Mshahara wa 18,000 na anasinzia kwenye usukani!

Lililokuwa linamnyima usingizi zaidi ni zile hundi. Mpaka mwisho wa 2021, hundi ikirudi kwa kukosa fedha ilikuwa kesi ya jinai, unaweza kulala ndani. Sheria ililegezwa kuanzia Januari 2022. Sasa fikiria ilipofika 2020, korona. Mwisho wa Machi mtaa wa Al Ras, hatua chache kutoka kwetu, ulifungwa kabisa, na Aprili mji mzima ukaambiwa usitoke bila kibali. Mizigo ikasimama. Ofisini tuliletewa karatasi ya kukubali nusu mshahara kwa muda, tukasaini wote, nani angekataa? Mimi nikawa na 1,600. Mzee akawa na 9,000, na hundi ya 15,000 inamsubiri mwezi Juni. Yule mtu alikonda mpaka suruali zikamkataa. Aliuza gari, mkewe na watoto wakarudi Nairobi ndege zilipoanza kuruka, naye akahamia kwenye chumba cha kuchangia na wenzake watatu. Kigogo wetu naye akajua dabodeka.

Nilitegemea hata mwenye kitanda chetu atatupunguzia. Wapi! Mshahara ulikatwa nusu, kitanda kikabaki 650 kile kile.

ALIYETUZIDI WOTE

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinichukua miaka miwili kulielewa, na nina hasira nalo mpaka leo kwa sababu ni rahisi mno.

Tulikuwa na mshikaji wa Tanga, mlinzi kwenye jumba moja la maduka. Mshahara wake 2,200. Sisi wa ofisini tulimwonea huruma waziwazi, na Ijumaa alipotutembelea tulimlipia chai kama mtu anayemlipia mgonjwa. Alikuwa analala kambi ya kampuni kule Sonapur, pembezoni mwa mji, mtaa wa kambi za wafanyakazi ambao jina lake kwa Kihindi maana yake ni mji wa dhahabu. Wahindi kwa utani, bwana! Basi la kampuni linamchukua, basi la kampuni linamrudisha. Kitanda hakulipi, umeme halipi, nauli halipi. Anatoa chakula na simu, basi.

Mwaka 2021 alitutumia picha. Si ya gari, ni ya nyumba yake Tanga, vyumba vitatu, imeezekwa. Yangu ya Chanika ilikuwa msingi tu, na mbuzi wa jirani wanalala humo.

Tulikaa naye tukalinganisha. Yeye kwenye 2,200 alikuwa anabakiwa na 1,500. Mimi kwenye 3,200 nabakiwa 1,400, na yule mhasibu wa 18,000 alikuwa anadaiwa. Siku hiyo chai alilipa yeye.

Kuna na lingine. Ile 3,200 yangu kwenye mkataba ilikuwa imekatwakatwa: mshahara wa msingi 1,500, uliobaki ni posho. Sikujali, nikasema pesa ni pesa. Nilipoondoka, kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi tu, siku 21 kwa kila mwaka. Miaka mitatu, dirham 3,150! Pungufu hata ya mshahara wangu wa mwezi mmoja. Na mke sikuweza kumleta, maana ili mgeni adhamini familia yake sheria inataka mshahara wa angalau 4,000, au 3,000 na nyumba ya kampuni juu. Aliyekuwa mchumba wangu alisubiri mwaka na nusu. Sasa ana mtoto wa pili, na mtu mwingine. Simlaumu.

Nisije nikasingiziwa kwamba nauponda mji wa watu. Nimekutana na manesi wa Mombasa waliopewa nyumba na hospitali zao, wanatesa kweli, tena kwa haki. Nimeona madereva waliosomesha ukoo. Mshahara wangu uliingia benki kila mwezi, hata ule wa nusu.

JUMAPILI ILIYOPITA

Nilimwita dogo kwa Mama, nikamkalisha, nikampa lile daftari. Mama alikuwa anachambua mchele. Dogo akasoma ukurasa wa kwanza akicheka, wa pili akicheka kidogo, akafika kwenye mwezi wa faini.

“Braza, kumbe ulikuwa unalala juu?”

“Miezi saba.”

“Na gari?”

Nikamweleza la gari. Mama aliacha mchele. Miaka yote ile na yeye alikuwa anawaonyesha wenzake wa kikoba hiyo picha. Hakusema neno, alichukua ungo wake akaingia ndani, na hilo lilinikata kuliko angenitukana.

Sikumkataza dogo kwenda. Ana miaka 24, kazi hana, nitamkatazaje na mimi nilikwenda? Nilimwambia amwandikie wakala maswali manne. Visa ni ya kazi au ya kutembea? Kama ni ya kutembea, kufanya kazi nayo ni kosa, na ikiisha faini ni dirham 50 kila siku. Nani analipia hiyo visa ya kazi? Kwa sheria yao mwajiri ndiye anayelipa na haruhusiwi kumdai mfanyakazi, sasa milioni tano ni za nini? Katika hizo 3,000, mshahara wa msingi ni ngapi? Na la mwisho, nikamwambia aliandike kwa herufi kubwa: NITALALA WAPI, NA NANI ANALIPA?

Akaandika pale pale, akatuma. Alama mbili za bluu zikatokea, maana yake jamaa kasoma.

Hiyo ilikuwa Jumapili saa tisa alasiri. Naandika haya Alhamisi usiku na wakala bado hajajibu. Hati ya Chanika Mama kaihamisha, hatuambii kaiweka wapi.